Lori la Hagadera, Mbuzi wa Takaba na Ua wa Garissa

Mbuzi wa adeer walipokula mitihani ya Jiografia, shule nzima ilinitazama mimi. Hakuna aliyewatazama mbuzi. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniuliza niliwaingizaje, nami nikamwambia kwa heshima zote kwamba walipita getini kama wageni wengine, kwamba askari wa geti alikuwa amelala, na kwamba kwa maoni yangu lile swali la mito ya Amerika Kusini lilistahili kuliwa. Nilifagia bweni wiki mbili.

Ukweli ni kwamba mbuzi wale hawakuwa na pa kwenda. Adeer, yaani mdogo wake baba, alikuwa na biashara iliyokaa mahali patatu kwa wakati mmoja. Malori yake yalilala Hagadera, kwenye karakana iliyo karibu na kambi ya wakimbizi. Mbuzi walikusanywa Takaba na eddo, yaani shangazi, dada yao wao wawili. Halafu hapa Garissa adeer alikuwa na ua wake kwenye soko la mifugo, uliozungushiwa miba na mabati ya zamani, ambamo mbuzi walisubiri wanunuzi. Lori, mbuzi, ua. Vitu vitatu tu, lakini kuvipatanisha kulimshinda adeer kuliko kupatanisha wake zake. Lori lingefika Takaba likute mbuzi wako malishoni, mwendo wa siku mbili. Safari nyingine mbuzi wangefungiwa bomani, wakonde kungoja lori ambalo injini yake fundi ameitandaza juu ya mkeka kama mtu anayeuza vitunguu. Na siku ile ya mitihani lori lilikuja vizuri, mbuzi wakaja vizuri, ila adeer alikuwa amemwazima mtu ua asubuhi ile ile, na umejaa ngamia. Mbuzi wakateremshwa barabarani, wakanusa elimu, wakaja.

Ndipo binamu yangu akarudi kutoka chuo kikuu Nairobi. Ni mtoto mkubwa wa adeer, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuja na kompyuta tatu ambazo ofisi fulani ilikuwa inatupa, ameziviringisha ndani ya magodoro kama wagonjwa.

"Tatizo lako, aabo," alimwambia babake usiku ule ule kabla hata hajanywa chai, "ni muamala uliotawanyika."

"Tatizo langu ni wewe," adeer akamjibu. "Miaka minne nakulipia karo, na bado huwezi kurudisha lori nyuma bila kugonga kitu."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwisho adeer akakata shauri mbele yetu sote. Alimpa binamu likizo yangu ya Aprili, yaani muda wote wa likizo, aipange safari moja tu ya mbuzi sabini kutoka Takaba hadi Garissa, lori na mbuzi na ua vikubaliane bila mtu kugombana na mtu. Ikifaulu, kompyuta zitabaki na binamu atakuwa na ofisi. Ikishindikana, kompyuta zitarudi walikotoka na binamu ataenda ng'ambo ya Banissa kuchunga ngamia wa familia, "maana hao ukiwapanga wanapangika bila umeme."

Sote tuliangalia chini ili tusicheke. Binamu anaogopa ngamia. Alipokuwa mdogo ngamia mmoja alimvua kofia akaitafuna yote mbele ya macho yake, taratibu, bila haraka. Mpaka leo akisikia mmoja anakoroma nyuma ya ukuta anabadilisha njia. Basi usiku ule nilimwona amekaa juu ya godoro, miwani mkononi, akitazama zile kompyuta tatu kama mtu anayetazama mawakili wake.

Mimi niliingia kwenye kazi hii kwa sababu ya mdomo wangu. Takaba hakukuwa na simu ya kuunganisha kompyuta, Hagadera vilevile. Kulikuwa na taar, redio ya kuitana, ambayo kwetu kila mfanyabiashara anayejiheshimu anayo: kisanduku, betri ya gari, na waya uliotandazwa juu ya paa. Kompyuta hazijui kuongea kwenye taar, kwa hiyo ilibidi mtu aisomee redio yale yanayoandikwa na kompyuta ya Garissa, asikilize jibu, kisha alichape. Binamu alitafuta mtu mwenye sauti ya kupasua hewa na vidole vya haraka. Mimi nachukua somo la kupiga taipu, na sauti yangu, mama husema, inaweza kuita mbuzi walio Isiolo.

"Wewe utakuwa waya," binamu akaniambia.

"Nitalipwa kama waya au kama mtu?"

"Waya haulipwi."

"Basi usishangae ukikatika."

Alinifundisha programu yake kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma wa duka la adeer, chumba cha redio, pale magunia ya mchele yalipokuwa yameisha. Kila kitu kwenye programu, alisema, ni kitu. Nikamwambia hilo hata sisi tusiokwenda chuo tunalijua. Akachora kisanduku akaandika LORI, kingine MBUZI, kingine UA. Kila kimoja kinajua habari zake na kinajua kazi zake, na wewe hukipekui ndani, unakiuliza tu. Huliendei lori ukachungulia tangi. Unaliuliza, waweza kwenda Takaba? Lenyewe linajua kama lina dizeli na dereva, linakujibu. Mbuzi amerithi tabia zake kutoka kwa kisanduku kikubwa kinachoitwa MNYAMA, na ngamia pia amerithi humo humo.

"Na lori je, si mnyama? Linakunywa."

"Lori halirithi kutoka kwa mnyama."

"Dereva wake je?"

Akafuta chaki kwa kiwiko. "Sikiliza basi."

"Na eddo amerithi kutoka kwa nani?"

"Eddo hayumo kwenye programu."

"Basi haitafanya kazi," nikamwambia, na sikuwa natania.

Kiini cha mambo yote kilikuwa hiki, na nitakieleza kama alivyonieleza kwa sababu alinieleza mara sita. Mpango mmoja, sehemu tatu. Ama zote zinatimia ama hakuna inayotimia. Nusu nusu ndiyo iliyoleta mbuzi kwenye Jiografia. Kwanza unauliza kila upande: uko tayari? Anayejibu tayari amejifunga. Kuanzia hapo Hagadera hawezi kulitoa lori kwa safari nyingine, Takaba hawezi kuwaachia mbuzi, Garissa hatuwezi kumwazima mtu ua, mpaka uamuzi utoke. Wote wakisema tayari, kompyuta ya Garissa inaandika uamuzi kwenye daftari lake, ndani ya diski, kisha ndipo unatangaza kwamba mpango umekubaliwa. Mmoja akikataa, au akinyamaza dakika nzima, inaandika kwamba umefutwa, na kila mtu anaachiliwa.

"Kama nikah," nikasema. "Unamuuliza walii, unamuuliza bwana harusi, halafu shekhe anafunga."

Binamu alifikiri. "Kama nikah, ila bila pilau. Lakini mashine inaandika kwanza. Ikishaandika, wewe unasema. Umesikia?"

Nilisikia. Mimi husikia mambo mengi.

Kompyuta moja ilibaki Garissa, moja ikaenda Hagadera kwa fundi wa malori, Mkamba kutoka Mwingi aliyekuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa nati zilizoshika kutu. Ya tatu ikapanda lori hadi Takaba kwa eddo, pamoja na jenereta ndogo. Eddo anasoma Qur'ani vizuri lakini herufi za kizungu hapatani nazo, kwa hiyo binamu alipaka vitufe viwili rangi yangu ya kucha, kimoja kijani, kingine nyekundu. Kijani ni tayari, au ndiyo. Nyekundu ni siwezi, au umefutwa. Niliomba fidia ya rangi. Waya haulipwi, akanikumbusha.

Siku ya kwanza ya majaribio binamu alikaa kando yangu na saa ya mkononi. Nikabonyeza, kompyuta ikaandika ULIZA TAKABA, sekunde zikaanza kurudi nyuma kutoka sitini. Nikashika maiki.

"Takaba, Takaba, Garissa hapa. Eddo, uko tayari? Ova."

"Eddo," sauti yake ikaja, ndogo, kama iko ndani ya debe. Kwetu mkubwa humwita mdogo kwa cheo chake yeye mwenyewe, kwa hiyo yeye ni eddo wangu na mimi pia ni eddo wake. "Nabad?"

"Nabad, eddo. Uko tayari?"

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Eddo, mbuzi..."

"Na ayeeyo, ule mguu wake?"

"Mguu wa bibi unaendelea vizuri."

"Unaendelea fibi? Anatembea au anakaa?"

"Anatembea, eddo. Uko..."

"Anatembea hadi wabi?" P mara nyingi humtoka eddo kama b.

Ishirini. Kumi na tano. Binamu alikuwa anajipiga paja. Mara sauti ya mwanamume tusiyemjua kabisa ikaingia katikati: "Mwambieni huyo mama mvua imenyesha Banissa tangu jana." Kwenye taar kila mwenye redio anasikia kila kitu, na watu wa kaskazini hawana runinga, wana sisi. Eddo akamgeukia yule mtu wa Banissa kumuuliza mvua ilikuwa ya kujaza mabwawa au ya kulowesha vumbi tu, na kompyuta ikaandika UMEFUTWA.

Ilifutwa mara nne siku ile. Mara ya tano binamu mwenyewe alichukua maiki akamwomba eddo, kwa adabu, ajibu swali kwanza, salamu baadaye.

"Kwani tumegombana?" eddo akauliza.

"Hapana, eddo, ila kompyuta..."

"Mtoto wa kaka yangu anataka nimjibu kama askari. Kombyuta ndiyo mgeni hapa. Ingoje."

Binamu akaongeza muda ukawa dakika tatu. Salamu nazo zikarefuka, kwa kuwa sasa eddo alipata nafasi ya kuuliza habari za majirani. Aliongeza ukawa dakika kumi. Fundi wa Hagadera, aliyekuwa akingoja zamu yake, akasema angekuwa ameshabadilisha gia boksi. Ni mimi niliyetoa dawa, na naomba iandikwe mahali kwamba ni mimi. Kesho yake nilimwita eddo kabla sijabonyeza chochote. Nilimsalimu mpaka yeye mwenyewe akachoka. Niliuliza mguu wa ayeeyo kabla yeye hajauliza, nikamuuliza habari za punda wake mmoja mmoja, nikampa na mtu wa Banissa dakika zake. Alipobaki hana la kusema, nikabonyeza.

"Uko tayari, eddo? Ova."

"Tayari," akasema, sekunde nne tu, na kwa mbali nikasikia kidole chake kikishuka kwenye kitufe cha kijani kama nyundo.

Binamu aliruka akagonga kichwa kwenye rafu ya tambi.

Tulifanya majaribio siku kadhaa, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvimba. Ile sauti ya kutangaza uamuzi ilikuwa tamu kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa. Fikiria: unasema neno moja, na lori linawashwa Hagadera, na mbuzi wanafungiwa Takaba. Nikaanza kulipamba. Badala ya "umekubaliwa" kavu, nikawa naburuta, "umekubaaaaliwa," halafu napiga mashxarad, vile vigelegele vya harusi. Fundi alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Watu wasiojulikana kutoka kila kona walikuwa wananijibu kwa vigelegele vyao. Nikawa maarufu kwenye mawimbi kuliko taarifa ya habari.

Siku ya safari ya kweli ilifika likizo ikiwa imebaki wiki moja. Adeer alikuwa sokoni, na binamu akaenda huko pia kuhakikisha kwa macho yake kwamba ua ni mtupu, kwa sababu alimjua babake na moyo wake wa kuazima. Nilibaki peke yangu. Ilikuwa inakaribia saa sita, na saa hizo inabidi uharakishe, maana jua likishapanda hewa hufa na Takaba hupotea kabisa hadi alasiri.

Nikamsalimu eddo. Nikabonyeza. Hagadera, lori? Tayari. Takaba, mbuzi sabini? Tayari. Mtoto akaja mbio kutoka sokoni na karatasi ya binamu: ua tayari. Kompyuta ikaandika kwa herufi kubwa: WOTE TAYARI. BONYEZA ILI KUAMUA.

Na mimi, badala ya kubonyeza, nikashika maiki. Nilishajua kitakachoandikwa. Wote wamesema tayari, basi kitaandikwa nini tena? Nikaona nitangaze huku nikibonyeza, ili vigelegele viende sambamba na mashine.

"Umekubaaaaliwa," nikasema, nikajaza mapafu, nikapiga mashxarad ndefu kuliko zote, mkono wa pili ukielekea kwenye kitufe.

Umeme ukazimika.

Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, nami nikajiona ndani yake nimeachama mdomo. Redio ilikuwa hai, ina betri yake. Hagadera akaitikia, "Nimepata, umekubaliwa, lori linatoka." Nikaita Takaba. Takaba hakuna. Hewa ya kwake ilikuwa imekufa.

Mtu mwenye akili angekimbia sokoni kumwambia binamu. Mimi nilijiambia umeme ukirudi nitabonyeza haraka, kwani nani atajua nini kilitangulia? Ulirudi saa nane, lakini binamu naye alikuwa ameshafika, na yeye ndiye aliyeiwasha mashine. Ikaamka, ikafungua daftari lake, ikakuta watu watatu waliosema tayari na hakuna uamuzi. Alikuwa ameifundisha cha kufanya ikikuta hivyo, na ilifanya vile vile, haraka, bila kuniangalia: UMEFUTWA.

"Si kitu," binamu akasema, tena kwa furaha. "Umeona ilivyojirekebisha? Tunawaachilia wote, kesho tunaanza upya."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo huu huu uitao mbuzi wa Isiolo ulikauka. Alasiri hewa ilipofufuka akamwita eddo, akamwambia umefutwa, awaachie mbuzi. Eddo alikuwa amewafungia tangu asubuhi na hakuthubutu hata kwenda kwa jirani, maana alishasema tayari. Akabonyeza nyekundu, akafungua boma, mbuzi wakapotea vichakani. Kisha binamu akaita Hagadera.

"Lori?" fundi akasema. "Lori liko barabarani tangu saa sita, ndugu yangu. Mlisema umekubaliwa."

Nilimwona binamu akibadilika rangi. Hakunifikiria hata kidogo. Alikaa mbele ya ile mashine, akapitia karatasi zake zote za programu, mstari kwa mstari, kwa kalamu. Hagadera imeambiwa ndiyo. Takaba imeambiwa hapana. Hilo, alisema kwa sauti ya chini, ndilo jambo moja ambalo programu yake iliapa haitalifanya. Kuchelewa ingechelewa, kufuta ingefuta. Kusema maneno mawili kwa watu wawili, hapana. Akavua miwani. Magharibi ilipofika alikuwa anaanza kuiviringisha kompyuta ndani ya godoro.

Adeer alikuja baada ya swala, akasimama mlangoni. Alishasikia. Nimeshasema, kwenye taar kila mtu husikia.

"Lori langu linakwenda siku mbili kuchukua hewa," akasema. Hakupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "War, wewe, kesho jioni kuna gari la Banissa."

"Naam, aabo," binamu akajibu, na aliendelea kukunja.

Nilitaka ajitetee, abishane, aseme neno gumu la chuo kikuu. Alikuwa amekubali. Alikuwa anaamini kweli kwamba mashine yake ni mwongo, na sijui kwa nini hilo liliniuma kuliko habari za ngamia.

"Adeer," nikasema. "Ni mimi."

Wote wawili walinitazama.

"Programu haina kosa. Nilitangaza kabla haijaandika. Umeme ukazimika katikati. Mashine haikumwambia Hagadera kitu, nilimwambia mimi."

Adeer alinitazama kwa huruma, jambo ambalo sikumbuki aliwahi kulifanya. "Adeer," akaniita kwa cheo chake, "una moyo mzuri kumkinga ndugu yako. Lakini wewe hujasema jambo la kweli tangu uote meno."

"Wallahi."

"Ramadhani iliyopita uliapa hivyo hivyo kwamba paka amekunywa sharbati."

Huo ndio uliokuwa mshahara wangu wa miaka yote ya mzaha: siku niliyokiri, kukiri kwenyewe kukawa mzaha. Nilimtazama binamu, naye alikuwa anatikisa kichwa, "Acha, walaal, ndugu yangu, inatosha." Hata yeye.

Nikakaa kwenye kiti, nikawasha redio. Jioni hewa huwa safi, unasikia mpaka mtu akimeza mate.

"Watu wote mnaosikiliza," nikasema, "na najua mnasikiliza. Leo kabla ya adhuhuri ni nani alisikia msichana wa Garissa akitangaza mpango umekubaliwa? Ova."

Nikaachia kitufe cha maiki, nikadhani nimekwisha. Halafu mtu wa Banissa akaja. "Mimi nilisikia. Alisema hivi: umekubaaaaliwa." Akaburuta kama mimi, vibaya sana, na akajaribu mashxarad, mzee mzima. Nyuma yake akaja mwanamke kutoka sijui wapi, "Nami nilisikia, nilikuwa nakanda unga, vigelegele vilikatika katikati kama mtu amekabwa." Akaja mwingine upande wa Wajir, akaniiga. Akaja fundi, "Sauti ni yake, na saa ilikuwa sita kasoro, nilikuwa naangalia ukutani." Chumba kikajaa sauti yangu iliyovunjikavunjika, kwa midomo ya watu wasionijua, kila mmoja na vigelegele vyake, mpaka adeer akainua mkono kama anazuia mvua.

"Inatosha," akasema. Masharubu yake yalikuwa yanatikisika. Akamgeukia binamu. "Kwa hiyo mashine yako ilifanya nini?"

"Ilikuta hakuna uamuzi ulioandikwa, aabo. Ikafuta. Ilifanya sawa."

"Na huyu?"

"Huyu alifunga nikah kabla shekhe hajafika," binamu akasema, na nikaona miwani inarudi machoni.

Adeer akatufanyia hesabu ya muda. Lori litafika Takaba keshokutwa. Eddo ana siku moja na nusu ya kuwakusanya mbuzi tena. Upangwe mpango mpya usiku huo huo, ufanyike kama unavyotakiwa, na gari la Banissa liende bila abiria kwanza. Kuhusu mimi, alisema, waya umekatika na atakayeushika ni binamu mwenyewe. Mimi nina kazi nyingine. Ua ukishasema tayari unafungwa, si ndivyo? Basi nikakae ndani yake mpaka mbuzi wafike, nisimruhusu mtu kuingiza hata kuku.

Binamu alisoma swali, akangoja majibu, akabonyeza, akaiangalia mashine ikiandika, akahesabu mpaka tatu, ndipo akatangaza. Sauti yake ilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Kutoka Banissa mtu akalalamika kwamba kipindi kimeharibika.

Nilikaa uani siku nne, juu ya debe, na kitabu cha Jiografia. Soko zima lilikuja kunitazama. Wenye ng'ombe walinibembeleza, "Abaayo, dada yetu, saa moja tu, kuna nafasi tele humu." Mmoja alileta maziwa ya ngamia kama hongo, niliyanywa nikakataa. Mzee mwingine aliniuliza nachunga nini, naye haoni kitu.

"Nachunga ahadi," nikamwambia.

"Inatoa maziwa?"

"Bado."

Jua lilikuwa limenipika upande mmoja siku ya nne lori lilipoingia, likiwa na vumbi mpaka kwenye kope za dereva. Eddo alikuwa amewapata wote. Alisema baadaye aliwaita kwa majina. Tulifungua geti na mbuzi wakamiminika, wakirukiana migongo, wakikojoa kwa furaha ya kukanyaga ardhi. Adeer alisimama upande mmoja akihesabu kwa fimbo, binamu upande wa pili na karatasi iliyotoka kwenye kompyuta.

"Sabini," binamu akasema.

"Sabini na mmoja," adeer akasema.

Wakahesabu tena. Sabini na mmoja. Dereva akashuka akaeleza: mmoja alizaliwa njiani, upande huu wa Wajir, walisimama kumpisha. Alikuwa kwenye makanyagio ya dereva, amefungwa ndani ya fulana, miguu minne kama vijiti vya kiberiti.

Adeer alimtazama yule mtoto wa mbuzi, akaitazama karatasi. "Mashine inasema sabini. Mimi naona sabini na mmoja. Nani mwongo hapa?"

Nilishika pumzi. Hata mbuzi nadhani walishika.

"Hakuna mwongo, aabo," binamu akasema polepole. "Huyu alikuja baada ya uamuzi kuandikwa. Hakuwemo kwenye mpango."

Adeer akavuta masharubu, huku yule mtoto wa mbuzi amekwishapata ncha ya buibui langu na kuanza kuinyonya.

"Basi nenda ofisini kwako, kamwandikie wa kwake," akasema. "Asikae humu bila mpango."

Binamu aliondoka mbio kuelekea dukani. Ndala moja ilimtoka katikati ya soko, na hakurudi kuichukua.